Majina ya Sijaona

Kwa miaka kumi na miwili, hakuna fundi aliyetoka na kipuri katika duka la Salvator bila kupita kwa Sijaona. Mafundi wa Cibitoke hawana habari na majina ya vitabuni. Watakuambia wanataka goti la Corolla, figo la Hiace, au kile kikofia cha chini. Sijaona alisikiliza mara moja tu, huyo, akaenda kwenye rafu na kurudi nacho. Wanaume wazima walimwita Mama na kumletea sambusa. Alivimba kichwa, na nani angemlaumu?

Ndipo akaajiriwa Libère, kijana wa Gasenyi mwenye adabu za kuudhi. Kazi yake ilikuwa kuandika risiti, lakini mchana, wateja walipopungua, alitengeneza programu kwenye kompyuta ya duka.

"Mama, figo njo nini?" alikuwa akiuliza.

Sijaona alimjibu kwa maringo, asijue anajichimbia kaburi. Baada ya miezi minne, ilitosha kuandika "figo" na kompyuta ikakuonyesha rafu. Mohamadi, fundi aliyekuwa mteja wake tangu zamani, alimpita bila hata salamu akainamia kioo cha kompyuta. Sambusa za siku hiyo alipewa Libère.

Maduka mengine yakaitaka ile programu. Libère akasema ni yake, aliitunga nyumbani. Salvator akatoa mkataba wa kazi: kilichotengenezwa kazini ni cha duka. Ijumaa akawaita Libère na Sijaona.

"Mama Sijaona, we ulimuona akiifanyia wapi?"

Libère alimtazama. Sijaona alijua vizuri kwamba kijana aliifanyia kote kuwili. Asubuhi ngapi alifika na macho mekundu, daftari lake limejaa aliyoyaandika nyumbani! Lakini zile sambusa zilikuwa bado zinamuuma.

"Apa kazini," alisema. "Kila siku. Mambo ya nyumbani mi sijui."

Libère alichukua daftari lake akaaga kwa heshima, na kazi akaacha. Hata ile heshima ilimchukiza Sijaona. Wikiendi nzima alijiona malkia.

Jumatatu alimkuta Nella, mpwa wa Salvator, ameketi mbele ya kompyuta, kwenye kiti cha Sijaona mwenyewe.

"We Mama utakuwa unaleta vitu toka kwenye rafu," Salvator alisema. "Majina yote iko mule ndani."

"Ayo majina ni yangu, patron! Mi njo niliyaokota kwa mafundi, moja moja, miaka kumi na mbili!"

"Uliyaokota ukiwa wapi?"

Jibu Sijaona alikuwa amekwisha kulitoa mwenyewe siku ya Ijumaa.

Mohamadi aliingia, akaenda moja kwa moja kwa Nella. Binti akaandika, akasoma kioo.

"Goti la Corolla, Mama. Rafu ya tatu."

Sijaona akaenda kulileta.