Wimbo Alioutunga Baba Yako

Siku ile ya mashindano ya ngoma pale Ushirombo, mwanangu Kulwa, haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa miaka ya sabini, pamba imeshavunwa, na baba yako ndiye alikuwa manju, kiongozi wa ngoma yetu. Hakuna aliyemshinda kwa kujibu wimbo. Wapinzani wakimrushia kijembe, yeye alikuwa na cha kuwarudishia kabla hawajafunga midomo.

Alikuwa na umri huu wako, arobaini na kitu. Basi siku hiyo akaimba ubeti mmoja, akaurudia, akaurudia tena, kisha akanyamaza katikati ya uwanja, ananitazama mimi. Watu wakacheka. Mayo we, walicheka!

Mimi sikushangaa, na hapo ndipo penye majuto yangu. Nilikuwa najua. Kwa muda mrefu, kila akipotewa na maneno, mimi kwenye mstari wa wanawake nilianzisha kiitikio haraka ili watu wasigundue. Nilijiona mke mwema kweli! Siku hiyo ubeti alikuwa kautunga asubuhi, hata mimi sikuwa naujua.

Wenzake wakasema karogwa na wapinzani. Tukahangaika kwa waganga, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshampima zamani akakuta presha iko juu, akampa vidonge, akamkataza chumvi nyingi na tumbaku. Bibi yako akatukemea: "Mnamtafuta mchawi, na dawa mmeziacha darini!" Kweli tupu. "Mimi mzima, Mama Kulwa, siumwi popote," baba yako alikuwa akiniambia, nami nikamkubalia, tena mboga yake nikaikoleza chumvi kama alivyopenda.

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba presha huchakaza mishipa midogo ya kichwani polepole, bila maumivu. Si kila anayesahau ana presha, alisema, ila hii ya mume wako ilikuwa na dawa. Baba yako akarudi kwenye vidonge. Akili iliyobaki ilitulia, lakini iliyokwenda haikurudi.

Siku moja napukuchua mahindi, naimba ule wimbo aliowatungia wewe na pacha wako Doto mlipozaliwa. Akatabasamu. "Wimbo mzuri huo. Nani kautunga?"

"Mtu mmoja hodari sana," nikamjibu, nikaingia jikoni kulia.

Sasa nasikia na wewe umeacha vidonge kwa kuwa huumwi. Mwanangu, presha haipigi hodi. Meza dawa zako hata ukijisikia mzima, rudi kupimwa, punguza chumvi, na hizo sigara za machimboni huko Geita uziache. Mkeo akikuambia hadithi hiyo umeshaisimulia, usimkaripie, naye asikufichie kama nilivyofanya mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kabla ya kifo kuna mengine.

Mungu akulindie moyo na kichwa. Uzeeke, wajukuu wakuimbie nyimbo zako, nawe ujue kwamba ni zako.