Picha Iliyoruka Beni

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yenu anisamehe, ni ile niliyoonekana Namibia. Sikwenda Namibia. Sijafika huko hadi leo. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba yangu ya Kimemi, hapa Butembo, saa sita mchana, na mtu mmoja wa huko nisiyemjua akaniandikia barua pepe: nimekuona, umevaa shati la mistari, unapunga mkono. Nikatazama shati langu. Lilikuwa la mistari kweli. Nikapiga kelele hata mbuzi wa jirani akakata kamba.

Najua utasema, "Tata, picha kwa simu hata mtoto anatuma." Ni kweli. Lakini picha ya simu inapita kwenye minara ya watu na mitambo ya watu. Yangu ilitoka kwenye waya niliofunga kwa mikono yangu juu ya paa la mabati, ikasafiri kwa mawimbi mafupi, yale yale yaliyotuletea habari za ulimwengu katika redio za wazee wetu. Tulikuwa watu wa redio ya ridhaa, yaani tunarusha kwa kupenda tu, kwa kibali cha serikali, bila biashara yoyote. Njia ya mawimbi mafupi ni nyembamba mno kwa televisheni, ni sawa na kupitisha godoro dirishani. Basi tuliikunja picha mpaka ikawa ndogo kama ile ya kadi ya mpiga kura, nayo ilitembea kwa kukwamakwama. Na picha ya kidijitali haina huruma. Haiji nusu, haiji na chengachenga. Ama imefika, ama kioo ni cheusi.

Nasema "tulikuwa" kwa sababu sikuwa peke yangu. Rafiki yangu Kasereka, tuliyesoma naye, alikuwa fundi wa redio na televisheni kule Beni, komini ya Ruwenzori. Vyombo tulivitafuta pamoja, kimoja kimoja, kwa miaka. Mimi nikabaki na chombo cha kurushia, yeye akachukua cha kupokelea. Mapatano yalikuwa mepesi: kila siku saa sita mimi narusha, yeye anafungua na kutazama. Beni si mbali. Ukipanda pikipiki asubuhi, unafika kabla sufuria ya mchana haijaiva. Ikiwa Namibia wananiona, sembuse Beni?

Lakini kila siku Kasereka alinipigia simu kuniambia neno lile lile: "Paluku, hakuna."

Siku za kwanza nilicheka. Wiki ya pili nikanuna. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nina ujuzi kidogo na majivuno mengi, na majivuno hayajui kuuliza swali. Nikajiambia, huyu hafungui. Siku mbili baadaye nikajiambia, huyu hana tena cha kufungua. Angalia vizuri jinsi nilivyopanda ngazi ile, mwanangu, maana hakuna aliyenisukuma.

Jumapili moja baada ya misa, watu wakanizunguka uani wakiuliza habari za televisheni yetu. Nikasema kwa sauti, "Kasereka aliuzisha aparey, ile chombo yetu."

"Aliuzisha kwa nani?" mmoja akauliza.

Nilipandisha mabega tu.

Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuelezwa sana. Katika nchi yetu, ambako msitu una watu wenye bunduki na kila waya juu ya paa unatazamwa mara mbili, chombo cha redio kilichouzwa kwa mtu asiye na jina si wizi wa kuku. Mtu anaweza kuchukuliwa nyumbani kwake kwa neno kama hilo, na wasimwone tena. Mimi nilijua. Wazee husema ulimi hauna mfupa. Mabega yangu yalikuwa na mifupa, na bado yalinishinda.

Jumanne yake Mama Kahindo akaingia kwangu, ametoka Vuhovi kwa miguu, matope mpaka kwenye magoti. Ni mdogo wake mama yangu. Zamani, kabla ya simu za mkononi, alikuwa akikaa kwenye foni ya parokia, ile redio ya kuitana kutoka misheni hadi misheni, kutafuta dawa, kutangaza vifo, kuuliza kama barabara inapitika. Mimi nilimhesabu kama mtu wa mambo yaliyokwisha. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Paluku, ulisema ile neno ku bantu wangapi?"

"Mama, ni hasira tu."

"Sikuuliza hasira. Nauliza bantu. Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, nikaona haya kuendelea.

"Sikia sasa," akasema. "Siye ku foni, kama poste moja haisikikane, tulikuwaka tunaandika mu kaye: sikumusikia. Hatukuwaka tunaandika: alikataa kujibu. Mupadri moja aliandikaka vile, aliona haya mwaka muzima, sababu ule mutu alikuwa amelala na malaria. Kukataa iko mu roho ya mutu, na waya haifikake kule. Wewe uliona kioo ya Kasereka na macho yako?"

"Hapana, mama."

"Basi kesho unaenda ku Beni, unakaa pembeni yake, unaangalia. Saa sita miye nitarusha."

"Mais mama, hii haiko foni. Ni ordinatere."

"Utanionyesha kifungo. Miye nilifinya foni wakati wewe ulikuwa ungali unatambaa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi goti moja lilikuwa limeshateguka. Nikamwonyesha kifungo kwenye kompyuta.

Asubuhi nikapanda pikipiki. Kwenye mteremko wa Kabasha nilikuwa bado napanga maneno ya kumwambia Kasereka, na yote niliyoyapanga yaliniangusha. Nilitumaini kidogo, nakuambia kweli yote, nilitumaini nimkute bila chombo, ili niwe nimesema kweli. Ubaya wa mtu aliyekosea ni huo: anaanza kuomba kosa liwe la mwenzake.

Kasereka alinikumbatia mlangoni. Hakujua lolote. Chombo kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa safi cha mezani alichokishona mkewe kwa ajili ya Pasaka, na pembeni yake kaye, daftari lake. Alipokwenda kuleta chai nikaifungua. Kila siku mstari mmoja: tarehe, saa sita, hakuna. Tarehe, saa sita, hakuna. Katikati ya ukurasa mmoja niliona: "Nimetoka matangani kwa mama mkwe. Nimefungua. Hakuna. Nimerudi matangani." Siku ile ile, nilikumbuka, nilimwambia mke wangu kwamba Kasereka bila shaka amelala. Chai ilipokuja nilikuwa bado nimeishika ile kaye.

Saa sita tukafungua. Kioo cheusi. Nikagusa waya zote, nikachomoa, nikachomeka, nikabadilisha hiki kwa kile. Kila kitu kilikuwa kizima, na kioo cheusi. Mara simu yangu ikalia. Ni barua pepe ya yule wa Namibia: leo namwona mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani, ni nani huyu?

Tukatazamana. Kasereka akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Donc inatupita juu ya kichwa!"

Nikampigia Mama Kahindo, na nilipomweleza hakushangaa hata kidogo.

"Si njo vile. Ile mawimbi ya kuenda mbali inarukaka jirani. Hata ku foni, muchana, Beni haikuwaka inasikia, Kisangani inasikia. Tulikuwaka tunashuka ku mawimbi ya murefu kidogo. Mushuke."

Sasa, mwanangu, hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, na utamu wake bado ninao. Mawimbi yale mafupi sana hayafuati ardhi. Hupanda juu kabisa, mahali ambapo jua limeichoma hewa, yakagonga huko na kurudi chini, lakini yanarudi mbali. Ukitupa jiwe juu ya paa la jirani, jirani hapati jiwe. Beni ilikuwa jirani. Na vilima vilivyo kati yetu vilikula hata yale mabaki kidogo yaliyokuwa yanatambaa chini. Mambo haya yameandikwa katika vitabu, na mimi vitabu nilikuwa navyo. Nilivisoma nikitafuta namna ya kufika mbali tu.

Tukaingia kazini kama vijana wa shule. Kasereka akaleta waya mrefu, tukaufunga kutoka kona ya paa hadi mparachichi wa jirani, tena chini tu, kimo cha mtu na nusu, maana tulitaka mawimbi yapande wima na kuanguka karibu. Mke wa jirani akauliza kama tunaanika nguo za jeshi zima. Kule Kimemi mke wangu akahamisha plagi kwenye waya wangu mwingine, ule wa kuongelea, nami nikamwelekeza kwa simu namna ya kuibana picha zaidi, mpaka ikawa si televisheni ya kutembea bali sura moja inayobadilika kila baada ya muda. Kisha tukakaa. Kasereka alikuwa akipumua kwa mdomo.

Kioo kikaangaza. Ghafla, mzima, bila doa, Mama Kahindo na kitambaa chake cha kijani. Kasereka akaruka, akapiga makofi, akamwita mkewe. Sura ikabadilika, mama ameinama. Ikabadilika tena, ameinua kipande cha karatasi ya boksi, na juu yake kwa makaa ameandika herufi kubwa: PALUKU, MWAMBIE.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya televisheni yetu iliyotoka Butembo ikafika Beni.

"Uniambie nini?" Kasereka akauliza, bado anacheka.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na la mabega. Kicheko kikaondoka usoni mwake polepole, kisha akakaa.

"Ulisema niliuzia nani?"

"Sikutaja mutu."

"Njo mubaya zaidi." Akageuka kutazama waya dirishani. "Juzi bantu babili balikuja hapa kuuliza hii waya ni ya nini. Nilifikiri ni majirani banajiuliza tu."

Mkewe alikuwa mlangoni. Hakunitukana. Aliwaita watoto ndani akafunga mlango, na mpaka kufa kwangu nitausikia ule mlango.

Hatukungoja waje tena. Tulikwenda wenyewe kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, mimi mbele, Kasereka nyuma amebeba chombo mikononi ili wote wakione. Shefu aliwaita wale wawili, kumbe ni watu wa usalama. Mbele yao na mbele ya watu waliokuwa wakingoja karatasi zao nikasema, "Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uwongo. Chombo hiki hakijawahi kutoka nyumbani kwa huyu." Waliandika maneno yangu, nikatia saini. Kasereka wakamwambia aende nyumbani. Mimi wakanibakisha mpaka jioni, na kibali changu cha kurusha kikazuiwa kwa misimu miwili ya mvua. Sikulalamika. Nilipewa bei ndogo.

Butembo nilipita nyumba kwa nyumba kuwarudia wale niliohesabu kwa vidole. Wengi walinipokea vizuri. Lakini kila mmoja alikuwa ameshawaambia wawili watatu, na hao sikuwajua majina. Maji yakimwagika hayazoleki. Kasereka alinisamehe, akaniambia kwa kinywa chake, na hadi leo tunarushiana picha. Lakini hakuja tena Butembo sokoni kwa miaka. Yupo mtu huko sokoni hadi leo ambaye akimwona huinama sikioni mwa mwenzake. Mtu huyo nilimtengeneza mimi.

Basi nakuusia, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao: aliye mbali anayekusifu asikufanye umdharau wa karibu anayekuambia "hakuna." Mwenzako akinyamaza, sema ulichokijua tu, kwamba hukumsikia, kisha funga safari ukamwulize. Kuuliza si ujinga, na nauli ya kuuliza ni nyepesi kuliko nauli ya kutubu. Ukishakosea, usisubiri ukamatwe na kosa. Litangulie mwenyewe, ulitaje mbele ya watu wengi kuliko wale uliowapotosha. Na uendelee kushangaa na kujaribu vitu, usiogope, maana Mungu hakuifunika anga ili tusiitazame.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na miguu ya kufika karibu. Jina la mtu likipita kinywani mwako, lipite salama, na lako lipite salama katika vinywa vya watu usiowajua. Mlango wa rafiki yako usifungwe kamwe kwa ajili yako. Amina.