Upepo wa Kuvutia Tela

Mama Upepo alikuwa mjaza upepo wa matairi, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na kompresa inayokohoa kama mgonjwa. Gari likiwa la kuvuta tela, aliongeza upepo matairi ya nyuma, maana uzito hulalia huko, na tairi laini hulifanya gari liyumbe. Kisha alimwambia dereva, "Ukishashusha mzigo, rudi nikupunguzie. Gari tupu lenye upepo wa mzigo linarukaruka kama mbuzi." Nao madereva walirudi, wakimcheka, lakini walirudi.

Asubuhi hiyo aliyeleta gari alikuwa mwanawe wa pekee, anahamia mji wa mbali na mkewe. Kwenye tela kulikuwa na kitanda, makochi, hata kabati la marehemu baba yake.

"Mama, usije ukanipasulia," alitania.

"Nilianza kujaza matairi wewe hujui kujifuta makamasi. Nyamaza."

Alipiga magoti, akajaza, akapima kwa geji, akapima tena ingawa upepo ulishatosha. Mkwewe alikuwa keshakaa ndani, mkanda kifuani.

"Ukishashusha mzigo, rudi nikupunguzie," alisema, kama alivyowaambia wote.

Mwanawe akatazama tairi, hakumtazama yeye. "Nitapunguza huko huko, mama. Kompresa zipo."

"Haya. Usisahau tu."

Gari likaondoka, na tela likafuata limenyooka, halikuyumba hata kidogo. Mama Upepo alibaki ameshika mpira wa kompresa, upepo unavuja, wala hakuufunga.