Taa Mbili za Gari la Malale

Tarehe 3 Machi 1947 Amuri Saleh alitia sahihi kwenye daftari la karakana ya reli, ukingo wa kushoto wa mto, akawa fundi umeme wa magari. Mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Sahihi ni ndogo, imenyooka. Leo, mwaka 1974, mwenyewe hawezi kuisoma.

Macho yalianza kufifia miaka mitatu iliyopita. Umbo la gari analiona, na uso wa mtu aliye karibu. Kilichopotea ni rangi: waya mwekundu na waya mweusi kwake zote ni kahawia, kama maji ya mto Tshopo baada ya mvua. Mangobo, mtaa ambamo sasa anatengeneza magari uani kwake, haukosi mafundi wengine, na habari kwamba Amuri haoni rangi ingewahamisha wateja wake wote kwa wiki moja. Alimwambia mke wake tu.

Mwavita ndiye aliyepata njia. Gari likiachwa uani, hufunga uzi wa kushonea kwenye ncha za waya: fundo moja kwa nyekundu, mawili kwa nyeusi, matatu kwa njano. Kisha huweka kinu karibu na bampa na kutwanga pondu, majani ya muhogo. Wateja huona mama anayeandaa chakula. Amuri hupapasa mafundo na kazi inakwenda.

Jumanne moja Hilaire alileta Land Rover kuukuu. Ni dereva wa kikosi kinachotibu ugonjwa wa malale vijijini. Kwenye karatasi za serikali jina lake sasa ni Lokangu, kwa kuwa majina ya Kizungu yamepigwa marufuku, lakini Mangobo hakuna anayemwita hivyo. Alitaka taa mbili za nyongeza mbele. Barabara ya Opala inapita chini ya miti mikubwa, na saa kumi na moja jioni huko kumeshakuwa giza. Mwezi uliopita aliliona gogo likiwa tayari chini ya magurudumu, na muuguzi akavunjika mkono. Safari nyingine ilikuwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake. Hilaire akaketi kwenye usukani, akabonyeza swichi. Relai, kile kiboksi kinachopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye taa, ikalia tak. Taa hazikuwaka.

Akabonyeza tena. Tak.

“Papa Amuri, relai inasema, lakini mataa inanyamaza.”

“Bonyeza tena.”

“Nimebonyeza mara mbili! Bon, papa, usikasirike. Kesho tunavuka mto. Nitapeleka gari kwa garage ya ville, katikati ya mji, kule batu ni vijana, iko na macho muzuri.”

Mchi wa Mwavita ukasimama. Amuri aliinama juu ya injini, akaweka mkono kwenye betri, na kidole gumba kikapita juu ya nguzo zake mbili za risasi. Nguzo ya plus huwa nene kuliko ya minus. Hilo halihitaji macho. Kutoka kwenye ile nene alifuata kwa vidole mkanda bapa wa shaba uliosukwa, akashuka nao hadi mwisho wake. Ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye chasi.

“Hilaire, hii gari ni ya mwaka gani?”

“Soixante-deux, sitini na mbili. Juu ya nini unauliza?”

“Hii ya zamani, Waingereza walifunga plus kwa chuma ya gari. Mimi nilitoa plus kwa betri, na taa iko inakamata plus ingine kwa bampa. Plus na plus. Itawaka na nini?”

Alihamisha waya mmoja kutoka nguzo nene kwenda nyembamba. Hilaire akabonyeza. Zikawaka zote mbili.

Dereva alishuka, akacheka, kisha akaona uzi kwenye ncha ya ule waya.

“Papa, hii mafundo ni ya nini?”

Amuri alikuwa anafuta mikono. Mwavita ndiye aliyesema.

“Ni mimi nafunga. Haone rangi tena. Sasa unajua, enda kutangaza soko yote.”

Hilaire aliielekezea betri kidole.

“Kule ville wangeitafuta hii plus mpaka Noeli, mama. Na macho yao muzuri. Lakini weye, ile pondu yote ulikuwa unatwanga bure?”

“Bure? Na nani anaikulaka?”

Amuri alisogea mbele ya gari, akaweka kiganja kwenye kioo cha taa.

“Mama Mwavita. Iko rangi gani?”

Hakuwahi kumuuliza hivyo mbele ya mteja.

“Njano.”

“Njano namna gani?”

“Kama katikati ya yai.”

Akaitikia kwa kichwa, na kiganja kikabaki pale mpaka kioo kilipopata moto.

Ijumaa Hilaire anavuka mto kwenda Opala. Jumatatu ijayo ataleta gari la pili la kikosi, na ameomba Mwavita awe kwenye injini, upande wa pili wa mume wake, amtajie rangi kwa sauti.