Siku Nilipojaza Upepo Shoki za Baba Mkwe

Aibu nimepata nyingi maishani, lakini hii moja bado nikiikumbuka nikiwa peke yangu naongea kwa sauti, nasema "aah, wacha," na watu kwa barabara wananiangalia. Kwa hivyo nikianza usinikatize, nikisimama katikati sitamaliza.

Miaka ile ya tisini nilikuwa natengeneza baiskeli huko mtaa wa Jericho, kando ya ukuta wa jamaa mmoja aliyeuza makaa (kibanda sikuwa nacho, nilikuwa na gunia, pampu, beseni ya maji ya kutafutia pancha, na mimi mwenyewe), na baiskeli nilizozijua ni black mamba, zile nyeusi nzito za kubebea mkate na maziwa. Black mamba haifichi kitu. Ikiharibika unaona pale imeharibika, unapiga nyundo, inapona. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Sasa mimi nilikuwa na msichana, Nekesa, alikuwa anapiga taipu kwa ofisi moja huko tao, katikati ya jiji, na tulikuwa tumekubaliana vizuri sana, shida ilikuwa baba yake. Mzee Simiyu alikuwa mtu wa ofisi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, anaishi Buruburu kwa nyumba yenye ngazi ndani, na aliposikia binti yake anataka kuolewa na Wanjala wa baiskeli alimuuliza swali moja tu, "Huyo kijana wa gunia anajua nini?" Nekesa akamjibu, mimi sikujua amemjibu nini, Mzee akasema niende. Wazee wetu wakapangiana siku ya sisi kwenda kujitambulisha na kuzungumza mambo ya mahari, na mimi nikawa na wiki tatu za kuonyesha ninajua nini.

Hapo ndipo baiskeli ikaingia. Kulikuwa na mzungu aliyefanya kazi na Mzee, akarudi kwao, akamwachia baiskeli yake ya kupanda milima, rangi ya zambarau, tairi nene, na uma wa mbele ulikuwa na shoki kama za pikipiki, bomba linaingia ndani ya bomba lingine ili mashimo ya barabara yasifike mkononi. Lakini ndani hakukuwa na springi. "Ni upepo," Mzee aliniambia, akiigusa kwa kidole kimoja. "Upepo mtupu, kijana. Lakini siku hizi inalala mbele. Ukiikalia inashuka pole pole. Unazijua hizi?"

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho tangu nizaliwe. Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na ningelisema tungekuwa tumemalizana. Lakini Nekesa alikuwa amesimama mlango wa jikoni ananiangalia, na nikasikia mtu anasema, "Hiyo ni kazi ya nusu saa, Mzee." Sauti ilikuwa yangu.

Nikiwa natoka na hiyo baiskeli nikakutana na Mama Nekesa anatoka dukani, akaniona, akageuka akarudi alikotoka na unga wake. Asiyetujua atafikiri alinichukia. Hapana, hiyo ni heshima. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na wakikutana kwa njia mmoja anampisha mwenzake. Mama Nekesa alikuwa mama wa kanisa, lakini katika hilo hakucheza. Kila nikienda pale nilikuwa naona kisigino chake tu kikiingia ndani.

Basi nikafika kwa gunia langu. Juu ya kila shoki kulikuwa na kifuniko kidogo cha mpira, ukikitoa unaona valvu, ndogo, kama ya tairi ya gari. Nikachukua njiti ya kiberiti nikabonyeza kidogo, nisikie tu kama kuna upepo. Ulikuwepo. Ukatoka wote, psssss, pamoja na mafuta yakaniingia jichoni, na baiskeli ya Mzee ikashuka mbele taratibu ikapiga magoti. Nikabonyeza na ule upande wa pili (usiniulize kwa nini), zikawa sawa.

Nikasema hakuna shida, pampu iko. Nikafunga pampu, nikapiga mara ishirini, shoki ikapanda vizuri kabisa, nikafurahi, nikafungua pampu, psss, ikapiga magoti tena. Nikapiga thelathini. Ikapanda. Nikafungua. Ikashuka. Sasa hivi ninajua sababu, nafasi ya upepo mle ndani ni ndogo kuliko kikombe cha chai, kwa hivyo ule unaotoroka ukifungua pampu ya kawaida ndio karibu wote uliokuwamo. Lakini wakati huo niliamua ubaya ni wa mkono wangu, kwamba nafungua pole pole. Nikakaa siku tatu nikifanya mazoezi ya kufungua pampu haraka. Yule wa makaa aliniangalia siku mbili, siku ya tatu akasema, "Wanjala, hiyo baiskeli inakuomba msamaha ama ni wewe unaiomba?"

Mzee alikuwa anatuma salamu kupitia kwa Nekesa. "Baba anauliza nusu saa imeisha?" Namwambia mwambie nangoja spea. Nekesa ananiangalia. "Wanjala, unaijua hiyo kitu kweli?" Namwambia, "Ala! Sasa hata wewe?" Niliona hakuamini, na badala ya kushtuka nikakasirika, eti mbona mke wangu mtarajiwa hana imani na mimi.

Ijumaa ikafika, kesho yake ndiyo siku yenyewe. Nikaisukuma hadi Jogoo Road kwa jamaa wa kujaza upepo tairi za malori, ana kompresa inayonguruma mpaka unaisikia kwa meno. Akaniuliza, "Niweke ngapi?" Nikamwambia, "Weka ya kutosha." Yeye huweka ya lori, akaweka ya lori. Shoki zikapanda zote mbili mpaka usukani ukanifika kifuani, na safari hii alipotoa mpira wake upepo ulitoroka, lakini uliobaki ulikuwa mwingi, zikabaki juu. Nikaziegemea, ngumu kama ukuta. Ndani kulikuwa na kitu kinalia, kriii, kidogo tu, nikakichukulia kama dalili ya afya. Nikamshukuru yule jamaa sana. Karibu nimkumbatie.

Jumamosi tukaenda. Baba yangu na mjomba wangu Makokha walikuwa wametoka Bungoma, wamevaa makoti na kofia, wamekaa wima kwa viti vilivyopangwa nje, pale mbele ya nyumba ambapo magari hugeuzia. Harufu ya kuku inatoka jikoni. Mama Nekesa, kwa sababu ya heshima niliyokuambia, alikuwa amebeba kiti chake akakipeleka mbali nasi kabisa, kule mwisho karibu na ua wa michongoma, akakaa ametugeuzia bega, sinia ya mchele mapajani anachagua mawe. Katika uwanja ule wote hakukuwa na mahali pa mbali zaidi na mimi.

Wazee wakasalimiana, wakaomba, wakaulizana mvua. Halafu Mzee Simiyu akaangalia baiskeli niliyoegemeza ukutani, akawaambia wazee wangu, "Huyu kijana wenu ametengeneza kitu ambacho mafundi wahindi wa tao walikataa kugusa." Baba akavimba koti likamkaza. "Hebu iendeshe tuione," Mzee akasema.

Nikaipanda. Nikazunguka uwanja mara moja pole pole, nikarudi. Haikulala mbele. Na Mzee Simiyu akatabasamu. Mimi nilikuwa sijawahi kuona meno ya huyo mzee, na nilipoyaona akili ikaniruka, badala ya kushuka niketi chini kama mtu mwenye shukrani, nikasema hebu wazione zikifanya kazi, nikazunguka tena, nikikanyaga kwa nguvu, nikaelekea ukingo wa saruji uliokuwa karibu na michongoma niupande.

Tairi ilipogusa ukingo nikasikia paaa! Sili, zile raba za ndani za kuzuia upepo, zikaachia, mafuta yakaruka juu, shoki zikashuka mpaka mwisho, na ile tairi nene ikapanda ikabanwa pale juu kwenye uma ikakataa kuzunguka. Baiskeli ikasimama. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani, na nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuona ninakoenda, na niseme ukweli, nilisema "hapana" kwa sauti.

Nikaanguka juu ya Mama Nekesa. Si karibu naye, juu yake. Kiti kikavunjika miguu, sinia ikaenda huko, sote wawili tukawa chini, kichwa changu kiko begani kwake, mchele unatunyeshea. Tukaangaliana. Ndiyo mara ya kwanza niliona uso wake vizuri, anafanana sana na Nekesa. Na kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri nikasema, "Habari ya asubuhi, Mama." Halafu nikainuka, nikamnyoshea mkono nimwinue, naye kwa kuchanganyikiwa akaushika. Yaani hata ile heshima kidogo iliyokuwa imebaki nikaimaliza kwa mkono wangu.

Hapo ndipo akapiga kelele. "Mayi wee!" Akauachilia mkono kama umemchoma, akakimbia ndani, kitenge chake cha kanisa kimejaa mafuta meusi. Nikageuka. Mjomba Makokha alikuwa amejifunika uso na kofia. Baba alikuwa anaangalia mbinguni. Majirani walikuwa madirishani, wote, hata wale ambao huwa hawapo mchana.

Wazee wakajitenga kando ya ukuta wakazungumza kwa sauti ya chini. Hawakuchukua muda. Mjomba akarudi akaniambia niliyofanya hayajawahi kusikika, kwamba lazima kondoo wa utakaso aletwe na nguo mpya ya mama ndipo niruhusiwe kukanyaga tena pale, kwamba mambo ya mahari hayawezi kuzungumzwa siku ya namna hiyo, yatangoja mavuno yaishe, na kwamba upande wetu hatuwezi kula chakula cha nyumba ile mpaka hayo yatengenezwe. Baba yangu, aliyesafiri usiku kucha, akaangalia upande wa jikoni.

Mzee Simiyu alikuwa amechutama karibu na baiskeli. Akaniita. Akaniuliza pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wanjala, hizi shoki unazijua?"

"Sizijui, Mzee," nikasema. "Sikuwa nazijua tangu ile siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kitu kidogo mkononi, kibomba kama sindano ya ng'ombe, kina mpira mfupi na saa ndogo ya kupimia upepo. Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Mzungu aliacha na hii. Alisema ni pampu ya hizo shoki, ati ukitumia ingine upepo unatoroka. Sikukupa kwa sababu ulisema unajua, nikaona fundi mwenyewe atakuwa na yake." Akaangalia mafuta yaliyomwagika kwenye saruji. "Ungesema sijui ile siku ya kwanza, saa hii tungekuwa tunakula."

Nekesa alitusindikiza hadi barabarani. Wazee walitangulia mbele wamebeba njaa yao. Alikuwa amelia, macho mekundu, na nikaanza kumwambia pole, kondoo nitatafuta, akanikatiza.

"Unajua nilimwambia nini baba aliponiuliza unajua nini? Nilimwambia unatengeneza black mamba, na hakuna anayekushinda. Akasema basi, mwambie aje. Hiyo ilikuwa inatosha, Wanjala. Hiyo ingine hakuna mtu alikuambia uijue."

Nilikuwa bado nimeshika ile pampu.

Tulioana mwaka uliofuata, baada ya kondoo. Mimi bado ni fundi, na nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja hata mara moja: ukiniletea kitu nisichokijua nitakuambia sikijui, mbele ya watu, kwa sauti kubwa. Halafu nitakuuliza kama kilikuja na kitu kingine.