Bunduki Fupi Yenye Pete

Katika maisha yangu nimetengeneza vitanda visivyo na idadi, makabati, madawati ya shule na bunduki moja. Vitanda hakuna aliyevisifu wala kuvilalamikia. Bunduki ilijadiliwa na kikao.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika karakana ya samani ya shirika la umma, pale Gerezani, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo. Vibarua tulikuwa wengi, lakini waliokuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni walikuwa wawili: mimi na mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa kusini, mpole, niliyemwita jirani naye akaniita jirani. Mzee aliyeendesha mashine ya kukereza miguu ya vitanda alikuwa amestaafu, na mashine ilikuwa imebaki bila mwenyewe. Nafasi ilikuwa moja, ya kudumu, yenye likizo na matibabu. Afisa utumishi alitueleza wazi kwamba atakayemletea cheti cha mgambo kwanza ndiye atakayeipata, kwa sababu taifa linajengwa na watu wanaojua kulilinda. Tuliitikia kwa heshima, ingawa mimi sikuona mguu wa kitanda unahitaji ulinzi gani.

Mafunzo yalikuwa miezi mitatu, kila jioni baada ya kazi, kwenye uwanja wa mpira Ilala. Afande wetu alikuwa askari mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya kwanza alituamuru kila mmoja aje na bunduki yake ya mbao. Hakutoa vipimo. Hapo alikosea, na mimi nikaja kukosea zaidi.

Jirani alichukua ubao wa kreti, akauchonga kidogo upande mmoja ili uonekane kitako, akagongomea msumari mahali pa kifyatulio. Kazi nzima ilimchukua muda wa kunywa chai. Nilimwambia aone aibu, yeye fundi.

"Jirani," alinijibu, "tunaenda kujifunza kugeuka kushoto na kulia. Ubao unageuka vizuri tu."

Mimi nilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa sinema. Kila Jumamosi mchana nilikwenda mjini kutazama picha za wachunga ng'ombe wa Amerika, na katika picha moja, iliyoonyeshwa wiki moja tu, niliona bunduki ambayo sijaiona tena popote. Haikuwa ile ndefu ya kukoki kwa chini, ambayo kila bwana wa sinema alikuwa nayo. Hii ilikuwa mdogo wake: mtutu mfupi, kitako kilichokatwa, na ule mkono wa kukokea umepindwa ukawa pete kubwa ya duara, hata mwenye nayo akaizungusha kwa mkono mmoja na ikawa tayari. Watu wengine walimpenda farasi, wengine yule bibi mwenye gauni. Mimi niliipenda pete.

Niliitazama picha hiyo mara tatu, nikichora gizani juu ya pakiti ya sigara. Nilipotoka nje na kuangalia mchoro, nilikuwa nimechora birika.

Ndipo nikaanza kusaka picha yake Kariakoo. Siku hizo magazeti ya zamani ya Ulaya yaliishia kwa wauza karanga na bajia, wakayafanya karatasi za kufungia. Nilikula karanga mpaka tumbo likagoma. Kuna mama mmoja karibu na soko alinichoka kabisa, maana nilikuwa nikiomba anipimie, kisha namwomba abadilishe karatasi.

"Baba, unanunua karanga au unanunua karatasi?" aliniuliza.

Nilimweleza ukweli, kwamba natafuta picha ya bunduki. Alinitazama kwa huruma ambayo watu huwapa wagonjwa, akaniachia rundo zima nilipekue. Niliipata nusu ukurasa. Kitako kilikuwa kimekwenda na karanga za mtu mwingine, lakini pete ilikuwepo, na mtutu, na hata kile kimlango kidogo ubavuni cha kuingizia risasi. Sijawahi kuifurahia barua ya mtu yeyote kama nilivyoifurahia karatasi ile yenye mafuta.

Kitako nilikichonga kwa vipande vya mninga, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama kijiko cha zamani. Pete niliipinda kwa chuma cha keria ya baiskeli. Ndani nikaweka springi ya kochi, hivyo ukishusha mkono na kuurudisha, ilitoa mlio mkavu, kachaa, uliokuwa ukinipa raha isiyo na sababu. Mtutu ndio ulionisumbua. Ningeweza kuufanya wa mbao, lakini mbao iliyopakwa rangi nyeusi hufanana na mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikachukua kipande cha bomba la maji.

Sasa, nchi hii kila mtu anajua kwamba gobore hutengenezwa kwa bomba la maji. Wajomba zangu kijijini walifukuza nguruwe pori kwa magobore ya namna hiyo, na mmoja alipoteza kidole. Nilijua yote hayo. Lakini mtu aliyelewa kazi yake haoni bomba, anaona mtutu.

Uwanjani matatizo yalianza mapema. Afande alipoamuru silaha mguuni, wenzangu walisimamisha mbao zao chini na kubaki wima. Yangu ilikuwa fupi, na ili iguse ardhi ilibidi niiname kama mtu aliyeangusha ufunguo. Kwenye mwendo wa haraka pete ilinasa mkanda. Afande alinifokea kila siku, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiitazama, na siku moja ya mapumziko aliniomba aishike, akashusha mkono mara moja, kachaa, akanirudishia. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilijiona mshindi, kwa sababu nilikuwa mjinga.

Gwaride la kufunga mafunzo lilikuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani. Alipita mbele yetu polepole, akikagua mbao moja baada ya nyingine kwa uzito wote wa serikali. Alipofika kwangu alisimama. Ningenyamaza yangeisha. Lakini alikuwa mtu wa kwanza mwenye cheo kuitazama kazi yangu, nikataka aone inavyofanya kazi. Nikashusha mkono na kuurudisha.

Mlio ule ukasikika uwanja mzima. Mgeni rasmi alikuwa tayari yuko nyuma ya afande, na mpaka leo sijui alifikaje.

Nilihojiwa siku iliyofuata katika ofisi ya tawi la chama. Kikao kilikuwa cha watu wawili, afande na mwenyekiti wa tawi, mzee mkali ambaye kila mkutano alitukemea tuache sinema za mabeberu. Swali lilikuwa kama nimetengeneza gobore. Walichungulia ndani ya bomba, wakapuliza, wakaligonga mezani. Nilijitetea kwamba halina tundu la baruti wala nyundo, na kwamba ni mfano tu. Mwenyekiti aliigeuza geuza kwa muda mrefu, akavaa miwani.

"Halafu umekosea, ndugu," alisema. "Kimlango cha risasi umekiweka kushoto. Kiko kulia. Yule bwana alikuwa akitia risasi kwa upande wa kulia."

Afande alitazama dari. Mwenyekiti alikohoa, akavua miwani, akasema kwamba ameelezwa hivyo na vijana.

Nadhani ile kauli ndiyo iliyonigharimu, kwa sababu baada ya hapo hakuweza kunisamehe tena. Bunduki ilitaifishwa kama kielelezo. Mimi nikaamriwa kurudia mafunzo yote kuanzia mwanzo, pamoja na kundi lijalo, nikiwa na ubao wa kawaida.

Jirani alipata cheti chake wiki ile ile, na mashine akapewa. Nitasema kama ilivyokuwa: nilimwonea wivu mpaka usingizi ukapungua. Kila alipokereza mguu wa kitanda nilisikia ni mimi ninayekerezwa. Alijaribu kunitania, nikamjibu mkato. Alininunulia chai, nikaiacha ipoe mbele yake. Ubao wake wa kreti ulikuwa umeishinda kazi yangu ya mikono, na sikuona haki iko wapi.

Kundi jipya lilikuwa bado halijaanza redio ilipotangaza kwamba adui amevuka mpaka kule Kagera. Karakana nzima tulisimama kusikiliza. Baadaye wakaitwa mgambo wenye vyeti. Sisi tusio navyo tulirudi mezani.

Jirani alikuja kuniaga asubuhi, akiwa na mfuko mdogo begani. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

"Sasa watanipa yenye kachaa, jirani," alisema.

Nilitaka kumwomba radhi kwa chai na kwa mengine yote. Badala yake nilimwambia aende salama, kwa sababu wenzetu walikuwa wakitusikiliza.

Kundi letu lilifunzwa haraka haraka, wiki chache tu, na cheti nikapata bila mtu kunikagua. Vita vilikwisha, malori yakarudi, tukasimama barabarani kushangilia. Nilitazama kila lori. Kisha nikaanza kuwauliza waliorudi, mmoja mmoja, na kila mmoja alinielekeza kwa mwingine, mpaka akapatikana aliyekuwa naye siku yake ya mwisho.

Miezi michache baadaye afisa utumishi aliniita, akanipa barua ya ajira ya kudumu. Nilikuwa nimeisubiri kwa miaka. Iliandikwa kwamba nimeteuliwa kuendesha mashine ya kukereza, kujaza nafasi iliyoachwa wazi na, kisha likafuata jina lake kamili, lake na la baba yake na la babu yake. Miaka minne tumekaa meza kwa meza, na sikuwa nimewahi kuyajua yote matatu. Niliyasoma mara mbili. Afisa aliniuliza kama kuna kitu kimekosewa. Nikasema hakuna, nikasaini.