Nafasi ya Kufungua Mlango

Mume wangu alikatwa mguu wa kushoto Riyadh, tulipokuwa tunakaa mtaa wa Malaz, miaka ile mafuta yalipopanda bei tena na mji mzima ukawa kelele za mashine na vumbi la saruji. Yeye alikuwa mpimaji wa ujenzi. Siku moja mzigo wa nondo ulichomoka kwenye winchi, ukamkuta amesimama na karatasi zake. Alitoka hospitali na mguu wa bandia usiokubali kujikunja vizuri gotini. Akitaka kutoka garini, sharti aufungue mlango wote, autangulize ule mguu nje ukiwa umenyooka, kama mtu anayetoa ngazi dirishani, kisha ndipo mwili ufuate.

Gari aliliendesha vizuri tu. Lilikuwa la otomatiki, na mguu wa kulia ulitosha. Mie, kama wanawake wote wa huko siku zile, sikuruhusiwa kushika usukani.

Tulihamia Jeddah kwa ajili ya mama yangu. Mama alifika huko kutoka Unguja baada ya mapinduzi, bi harusi kijana, na hakuondoka tena. Sasa alikuwa mtu mzima, figo zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja ya binafsi. Tukapanga nyumba ya chini mtaa wa Bani Malik, karibu naye, na mkwewe akawa dereva wake. Wale wawili walipendana kuliko ninavyoweza kueleza. Njiani mama alimkosoa kila kona, "Mwanangu, mbona unakimbia?" naye alijibu, "Mama, tumesimama, taa nyekundu hii."

Mwanzoni maegesho ya hospitali yalikuwa kiwanja cha mchanga, na mlinzi mmoja mzee wa Kiyemeni alituwekea jiwe kubwa karibu na mlango ili mtu asichukue nafasi yetu. Kisha hospitali ikakodisha kile kiwanja kwa kampuni ya maegesho. Wakaweka lami, wakachora mistari myeupe, wakaleta walinzi wenye sare. Mzee wa Kiyemeni hatukumwona tena. Kweli, nafasi mbili zilichorwa picha ya kiti cha magurudumu, lakini upana wake ulikuwa uleule wa nafasi nyingine zote.

Siku ya kwanza tuliingia katika moja ya nafasi hizo, na ubavuni mwetu palikuwa na gari kubwa. Mume wangu akafungua mlango, ukafika nusu, ukagota. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Mama nyuma ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kumekuwaje?" Mwisho alirudi nyuma, akaegesha juu ya mstari, magurudumu mawili huku na mawili kule, akatoka.

Tuliporudi baada ya muda wa saa nne, gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa chuma cha manjano, na kwenye kioo pana karatasi: umechukua nafasi mbili, utalipa faini. Mama akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu hata ya kushika mkoba wake. Tulilipa hapohapo, chuma kikafunguliwa, tukaenda zetu.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu mume wangu aliandika barua kwa Kiarabu, kwa hati yake nzuri, akaibandika ndani ya kioo: mwenye gari hili ana mguu mmoja, tafadhali. Wakafunga gurudumu, na ile barua bila shaka waliisoma, maana karatasi ya faini waliipachika pembeni wasiizibe.

Nikamwambia, "Baba watoto, hawa hatuwawezi. Kila tukija tulipe teksi, yaishe."

"Bibie, kulipa nitalipa nikikosea," akasema. "Silipi kwa kuwa na mguu mmoja."

Kesho yake, siku isiyokuwa ya mama, alinipeleka kule na tepu yake ya kazini. Mie nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, jua la saa sita likituchoma, buibui langu limejaa vumbi. Mlinzi akaja kuuliza tunafanya nini. Mume wangu akamjibu kwa adabu, "Napima," na mlinzi akaridhika, kwa kuwa mji ule siku zile ulijaa watu wanaopima.

Nyumbani alikaa mezani jioni mbili. Alichora maegesho yote kwa vipimo, na gari letu likionekana kutoka juu, mlango umefunguliwa, na mguu kwa penseli nyekundu. Alichora hata abiria. Tulipompelekea mama aione, alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mbona mie umenifanya kiduara?"

"Ukitazamwa kutoka juu, Mama, kila mtu ni kiduara."

"Basi kiduara changu kikubwa kuliko cha mke wako," akasema mama, na mume wangu akachukua kifutio akakipunguza.

Ofisi ya ile kampuni, ya kupokea malalamiko, ilikuwa kwenye jengo dogo upande wa pili wa kiwanja. Tulimfikisha mama kwenye mashine, tukaenda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Ngazi zilikuwa za zege, nyembamba, hazina pa kushikilia. Mume wangu alizitazama kutoka chini hadi juu, kama anavyotazama kazi mbovu ya fundi, kisha muuza chai wa pale chini akamletea kiti cha plastiki. Akaketi, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama, ramani imekunjwa magotini.

"Nenda wewe," akaniambia. "Sema nina malalamiko."

Nikapanda. Karani akasema, "Mwenye malalamiko aje mwenyewe."

Nikashuka. Mume wangu akasema, "Mwambie mwenyewe yupo chini."

Nikapanda. Karani akasema lazima asaini mbele yake.

Nikashuka. "Mwambie ashuke na kalamu."

Nikapanda tena, nikampelekea maneno hayo. Safari hii akatoka mkuu wake kutoka chumba cha ndani, mtu mrefu mwembamba mwenye ndevu za mvi. "Mama," akasema, "ofisi ni hapa. Tukianza kushuka kwa kila mtu, kazi itafanyika barabarani."

Niliposhuka na jibu hilo, mume wangu alinipa hotuba nzima ya kupeleka: upana wa nafasi kwa sentimita, upana wa mlango, urefu wa mguu, na wajibu wa mtu anayekodi ardhi ya hospitali. Alinitaka niirudie. Nikairudia vizuri. Nikaanza kupanda, na nilipofika katikati ya ngazi nikagundua sikumbuki hata neno moja.

Basi niliingia hivyohivyo. Yule mkuu alikuwa bado amesimama. Nikasema, na Kiarabu changu siku ile kilitoka chenyewe:

"Bwana, mie nimepanda ngazi hizi mara nne. Nina miguu miwili na nimechoka. Mume wangu hana. Nyinyi ndio mlioiweka juu ofisi ya kumsikiliza. Sikuombi umsamehe faini. Nakuomba ushuke mara moja tu umwone, kisha useme unalotaka."

Karani aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Nikadhani nimeharibu. Kisha mkuu akarekebisha kitambaa chake cha kichwani, akasema, "Yalla, twende," akatangulia.

Mume wangu alipomwona akajiinua kumwamkia. Ilimchukua muda, na yule bwana akawa anamwambia kaa, kaa. "Nimekaa vya kutosha," akajibu mume wangu, akampa mkono, akamuuliza hali yake na ya watu wake wote, ndipo akakunjua ramani. Yule bwana aliitazama. Nadhani hakuielewa sana.

"Njoo kwenye gari," akasema mume wangu.

Siku ile tulikuwa tumeegesha katika nafasi yenye picha, kwa kuwa tulipofika ya jirani ilikuwa tupu. Sasa ilikuwa na gari. Mume wangu akamwomba aingie upande wa dereva. Akajipenyeza, ule wembamba wake ukamsaidia, akaketi.

"Sasa toka. Lakini mguu wa kushoto usiukunje."

Akajaribu. "Umekunja!" mume wangu akapiga kelele. Akarudi ndani, akajaribu tena. "Umekunja tena, nimekuona." Mara ya tatu aliunyoosha kweli, ukagota kwenye mlango, kiatu kikamvuka kikaingia chini ya gari la jirani, naye akabaki nusu ndani na nusu nje, kitambaa cha kichwani kimemziba jicho. Nilitazama pembeni nisicheke. Lakini mwenyewe ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakohoa. "Halas," akasema, "halas, basi, nimefahamu."

Muuza chai akaleta vikombe vitatu. Yule bwana akaandika nyuma ya ramani kwamba faini zote zifutwe, akasaini, akaniomba radhi mie kwa ajili ya ngazi. Kuhusu mistari, alisema lazima aulize makao makuu Riyadh.

Riyadh ilichukua muda wake. Miezi ikapita, tukawa tunaegesha juu ya mstari kama zamani, na walinzi wakawa wanatupungia mkono. Kisha ikaja simu: mafundi wa rangi wanakuja, je, mpimaji anaweza kufika? Alivaa kanzu ya Idi. Alirudi ana rangi nyeupe kwenye fimbo yake ya kutembelea, na tangu apoteze kazi ya uwandani sikuwahi kumwona amechoka kwa furaha namna ile. Zilichorwa nafasi tatu pana karibu na mlango.

Siku ya kwanza ya kuzitumia tulikuta zote zimejaa. Katika moja, mwanamume alikuwa anamteremsha mkewe kwenye kiti cha magurudumu. Katika nyingine palikuwa na mzee na magongo yake mawili. Nikamtazama mume wangu nikitegemea hasira. Alizunguka kiwanja polepole mara mbili, shingo nje ya dirisha.

"Umewaona?" akaniuliza. "Walikuwa wapi siku zote hawa?"

Tuliegesha mbali kabisa, kwenye jua, ambako hakuna gari jirani. Nikamsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu, na mume wangu akatufuata nyuma, akimweleza kwamba mstari wa tatu umekwenda upande kidogo na atawaambia waurudie.

"Mwanangu," akasema mama, "tembea."